Ghala la Nabii Yusuf na Ghala la Mlanguzi

Ikiwa kuna tarehe ambayo mwananchi wa Kenya huijua bila ya kuangalia kalenda, basi ni tarehe 14 ya kila mwezi. Si siku ya mshahara, wala si siku ya mwenye nyumba kuja kudai kodi yake. Ni siku ambayo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei ya petroli, dizeli na mafuta ya taa, na bei hiyo ikashika kazi tangu saa sita za usiku mpaka tarehe 14 ya mwezi ufuatao. Mtindo huu ulianza Disemba 2010. Kabla ya hapo, tangu mwaka wa 1994, kila kampuni ilikuwa ikijipangia bei kama ionavyo, na kabla ya 1994 serikali ndiyo iliyokuwa ikipanga. Kwa hivyo vijana wadhanio kuwa kupangwa kwa bei ni jambo jipya na wajue kwamba tumekwenda na kurudi, mithili ya mashua inayobisha kutafuta upepo.

Jioni ya pili yake, baina ya alasiri na magharibi, baraza zetu hapa Mombasa huwa hazina mazungumzo mengine. Muuza kahawa hupita na mdele wake akigonganisha vikombe, na kabla hajamimina cha kwanza watu wameshatoa hukumu mbili tatu. Huyu asema serikali ndiyo yenye makosa, huyu asema ni kampuni, yule asema ni vita vya mbali. Kuna na yule wa kila baraza, ambaye kila siku ana jamaa yake afanyaye kazi bandarini aliyemnong'oneza siri. Mimi nimezoea kukaa pembeni nikisikiliza, na katika maneno hayo nimepata mengi yaliyo mazito kuliko niliyoyasikia kwa wakubwa wakihojiwa kwenye televisheni.

Mjadala uliovuma kuliko yote ni wa ruzuku. Msomaji atakumbuka kuwa mwezi wa Julai 2020, wakati mafuta yalipokuwa rahisi duniani kwa sababu ya korona, tozo ya ustawishaji wa petroli ilipandishwa kutoka senti 40 hadi shilingi 5 na senti 40 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Baadaye tukaambiwa kuwa fedha zile ni kinga ya siku ya dhiki, na kweli tangu Aprili 2021 zilianza kutumiwa kuizuia bei isipande. Lakini Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, bei ya dunia ikaruka, na akiba ile ikawa kama kata moja ya maji kwenye nyumba inayoungua. Serikali ikawa inadaiwa na kampuni za mafuta mabilioni ya shilingi ya ruzuku ambayo haijalipwa. Kampuni zikasema hazina fedha za kuleta shehena nyingine. Serikali ikasema mafuta yapo, kampuni zinayaficha. Mkuu wa kampuni moja ya kigeni akaondoshwa nchini. Huku wenye nguvu wakinyosheana vidole, vituo vikafungwa kwa kamba na vibao vya "Hakuna Petroli".

Mwezi huo wa Aprili 2022 ndio ulioingia Ramadhani, nami nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu. Niliona foleni zimezunguka mitaa, magari yamezimwa, watu wanasukuma kwa mkono kila mwenzao wa mbele asogeapo hatua mbili. Nikamkuta dereva mmoja wa teksi, kijana wa kwetu wa pwani, amefuturu kwa tende mbili na chupa ya maji akiwa ndani ya gari lake, mbele yake magari zaidi ya thelathini.

"Maalim," akaniambia, "futari nimeila kwenye foleni. Daku sijui nitalia wapi."

Sikujua nicheke au nimpe pole, kwani neno lake lilikuwa na ncha mbili.

Septemba ya mwaka huo huo ikaja serikali mpya. Rais William Ruto, siku aliyokula kiapo, alieleza kuwa ruzuku ya mafuta ilikuwa imeshakula shilingi bilioni 144, na kati ya hizo bilioni 60 zilikwenda katika miezi minne tu. Siku ya pili yake petroli Nairobi ikapandishwa kutoka shilingi 159 na senti 12 hadi 179 na senti 30. Dizeli ikaongezwa shilingi 25 kwa mkupuo mmoja. Ndipo baraza zikagawanyika makundi mawili, na mgawanyiko huo haujatengenea.

Kundi la kwanza lasema hivi: ruzuku ya mafuta ni sadaka inayopewa tajiri mlangoni kwa maskini. Mwenye gari kubwa hujaza lita 80 na kila lita imepunguzwa bei kwa fedha za umma, ilhali bibi aliyeketi na tenga lake la maembe hana hata baiskeli. Na fedha hizo zatoka wapi? Zatoka katika kodi, na kodi ni ya bibi yule pia, kila anunuapo sabuni. Kundi la pili hujibu kwamba bibi yule hana gari lakini maembe yake yana gari. Yalitoka shambani juu ya lori, na unga wake ulisagwa kwa mashine ya dizeli, na matatu iliyomleta sokoni yaendeshwa kwa hiyo hiyo dizeli. Ukiipandisha dizeli umemtoza bibi bila ya kumgusa.

Makundi yote mawili yamesema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kwa maoni yangu kosa la ruzuku ile halikuwa kutolewa bali namna ya kutolewa, kwani ilimwagwa juu ya kila tangi sawasawa kama mvua isiyochagua shamba. Kadhalika kosa la kuiondosha halikuwa kuiondosha, bali kuiondosha ghafla, bila ya kumtazama ambaye hana pa kukimbilia. Nauli, kama ajuavyo kila apandaye matatu, ina miguu ya kupandia na haina ya kushukia. Petroli ilipofika shilingi 217 na senti 36 mjini Nairobi mwezi wa Oktoba 2023, nauli zilipanda siku ile ile. Petroli hiyo ilipokuwa imerudi hadi shilingi 180 na senti 66, Oktoba ya mwaka uliofuata, niliuliza kondakta mmoja mbona nauli haijarudi. Alinitazama kama niliyemuuliza mbona bahari ina chumvi.

Katika mwaka huo wa 2023 ndipo kodi ya ziada ya thamani juu ya mafuta ilipotoka asilimia 8 ikawa 16. Kwa hakika kodi hii ina hadithi ndefu. Septemba 2018 ilipoanza kutozwa kwa asilimia 16, wenye malori waligoma na vituo vikakauka, mpaka Rais Uhuru Kenyatta akaipunguza kuwa 8. Wananchi wakadhani yamekwisha, kumbe ile nusu ilikuwa imewekwa rafuni ikisubiri. Na Juni 2024, baada ya vijana kuingia barabarani na Mswada wa Fedha kuondoshwa, mwezi wa Julai tozo ya kutengeneza barabara ikapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita kwa njia ya kanuni tu. Mzee mmoja barazani, ambaye alikuwa karani wa forodha zamani, alisema neno ambalo nililiandika papo hapo: kwamba kodi ya mafuta hupendwa na kila serikali kwa sababu mtozaji wake haonekani. Mtu hamlaani mtoza kodi. Humlaani kijana anayeshika mpira wa pampu.

Sisi wa Mombasa tuna donge letu maalumu. Meli za mafuta ya nchi hii hutia nanga hapa Kipevu. Matangi yako Changamwe na Shimanzi, tunayaona, na harufu yake tunaivuta. Hata hivyo tofauti ya bei ya lita moja hapa na Nairobi aghalabu ni kama shilingi tatu tu. Vijana hulalamika kuwa tunauziwa maji ya kisima chetu kwa bei ya mjini. Lakini jawabu lake si gumu kulijua: bei ya kununulia ng'ambo ni moja, kodi ni moja, na kinachotofautisha ni gharama ya kuyasafirisha katika bomba la Mombasa hadi Nairobi, bomba ambalo lilianza kazi mwaka wa 1978, na gharama hiyo ni ndogo. Ndiyo maana Mandera, ambako mafuta hufika kwa lori kupitia njia ndefu, hulipa zaidi ya sote. Ukitaka kukasirika, basi ukasirikie sehemu kubwa ya hesabu hiyo, nayo ni kodi.

Wengine huuliza: na mafuta yetu ya Turkana je? Yaligunduliwa mwaka wa 2012, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 iliondoka katika bandari hii hii. Lakini yaliondoka yakiwa ghafi, kwa sababu kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, kilichojengwa mapema miaka ya 1960, kilisimamisha kazi mwaka wa 2013, na matangi yake siku hizi ni ya kuwekea tu. Mtu mwenye mtama na asiye na kinu hawezi kusema ana unga.

Sasa niingie katika jambo lililonifanya niishike kalamu.

Mwezi wa Juni 2025, Israel na Iran zilipopigana kwa siku 12, baraza zetu ziliingiwa na hofu kubwa zaidi ya ile ya bei: hofu ya kukosa kabisa. Mlango wa bahari wa Hormuz si jina geni kwetu. Wazee wetu waliwapokea mabaharia waliopita mlango huo, waliokuja na majahazi wakati wa kaskazi wakileta tende, haluwa na mazulia, wakarudi na boriti za mikoko kwa upepo wa kusi. Leo mkondo huo huo ndio upitao mafuta yanayowasha taa zetu. Mwaka wa 2024 kiasi cha sehemu moja kwa tano ya mafuta yatumiwayo duniani yalipita hapo. Na Kenya, tangu Machi 2023, imetia saini mapatano na kampuni tatu za Ghuba, yaani Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, kwamba zituletee mafuta kwa mkopo wa siku 180, ili tusihangaike na dola kila wiki. Mapatano hayo yana wanaoyasifu na wanaoyalaumu. Lakini kwa jambo moja hayana ubishi: yametufunga na mlango mmoja. Mlango ule ulipotikiswa tu, wala haukufungwa, Julai 2025 petroli hapa kwetu ilipanda karibu shilingi 9 kwa lita.

Ndipo siku moja barazani mtu mmoja, mwalimu wa madrasa, akasema: "Jamaani, hivi ghala letu liko wapi? Nabii Yusuf alijenga ghala."

Aliyesoma chuoni hahitaji kuelezwa kisa hicho. Tulikihifadhi tukiwa watoto, miguu imekunjwa juu ya mkeka. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na Yusuf akaifasiri ndoto kuwa miaka saba ya neema itafuatwa na saba ya shida. Akawaambia walime, na walichovuna wakiache ndani ya mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula. Nafaka ikiwa ndani ya shuke haiharibiki upesi. Hiyo yenyewe ni elimu. Kisha akaomba asimamie hazina za nchi, na akajitaja kwa sifa mbili, kwamba ni mhifadhi na kwamba ni mjuzi. Mwalimu yule akatuuliza: katika hao wanaosimamia mafuta yetu, tunaye mwenye sifa zote mbili? Aghalabu, akasema, mjuzi si mhifadhi, na mhifadhi si mjuzi. Watu wakacheka, lakini si cheko la furaha.

Neno hilo la ghala si ndoto ya watu wa barazani. Baada ya vita vya Oktoba 1973, vilivyopiganwa katikati ya Ramadhani, na Waarabu wakazuia mafuta, bei ya pipa ilipanda takriban mara nne katika miezi michache. Mataifa tajiri yalipata somo. Mwaka wa 1974 yakaunda Shirika la Kimataifa la Kawi, na wanachama wake wenye kuagiza mafuta kutoka nje hutakiwa wawe na akiba ya siku 90 za mafuta hayo. Sisi Afrika Mashariki somo tulilipata kwa bei ghali zaidi. Jirani zetu wa Tanzania walifika mahali pa kukataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili baada ya mchana. Kenya habanwi na sharti lile la siku 90, na akiba ya taifa imekuwa ikitajwa katika hotuba kwa miaka mingi. Tulichokizoea ni akiba ya kampuni za biashara, inayohesabiwa kwa siku na wiki, na mwenye kampuni huweka akiba kwa ajili ya biashara yake. Simlaumu, maana hakuchaguliwa na mtu.

Hapa mjadala ukaingia mahali pa fikihi, na wale wasiopenda maneno ya vitabu wakaagiza kahawa ya pili. Maana kuna aina mbili za kuweka. Kuna kuweka kwa Yusuf na kuna kuweka kwa mlanguzi, na kwa macho zote ni ghala lililofungwa kwa kufuli. Mtume wetu alikataza uhodhi, yaani kuficha bidhaa ili ipande, na akamhesabu mwenye kufanya hivyo kuwa ni mkosa. Lakini huyo huyo Mtume, bei zilipopanda Madina na watu wakamwendea awapangie, alikataa, akihofia asije akakutana na Mola wake hali ya kuwa amemdhulumu mtu mali yake. Kwa hivyo wenye kampuni wana hoja ya kushika, na wanunuzi wana hoja ya kushika. Wanazuoni waliokuja baadaye, kama Ibn Taymiyya aliyefariki mwaka wa 1328, wakapambanua: bei ikipanda kwa uchache wa kitu chenyewe au wingi wa watu, muuzaji hana dhambi na asilazimishwe, ikipanda kwa hila ya wauzaji, basi mtawala ana haki, bali ana wajibu, kuingilia.

Mtu mmoja akatoa hoja ambayo ilinishika. Akasema katika madhehebu yetu ya Shafi, uhodhi ulioharamishwa ni wa chakula, na mafuta si chakula. Nani aliyewahi kunywa petroli? Mwalimu wa madrasa akamjibu kuwa Imamu Malik aliupanua ukaingia kila kitu ambacho kukificha kunawadhuru watu. Lakini hakuwa na haja ya kwenda mbali hivyo. Aliyemjibu sawasawa alikuwa muuza kahawa, akiwa amesimama na mdele wake mkononi: "Bwana wee, unga wako ulikuja kwa miguu?"

Ningependa wakubwa wetu wangeufikiria mpambanuo huo kabla ya kila tarehe 14. Tangazo hutuambia bei imepanda kiasi gani. Linatutajia bei ya ng'ambo na thamani ya dola. Lakini mwananchi hawezi kujua, katika shilingi ishirini zilizoongezeka, ngapi ni za vita, ngapi ni za dola, ngapi ni za kodi na ngapi ni za ujanja, mpaka awe na subira ya karani. Na mtu asiyejua ugonjwa wake hupigana na kila mganga.

Nimesema mengi juu ya petroli, kwani petroli ina watetezi wengi. Wenye magari wana sauti, wenye malori wana chama, bodaboda wakitaka kufunga barabara huifunga. Lakini mafuta ya taa hayana chama.

Mwaka wa 2018 serikali iliwekea mafuta ya taa tozo ya shilingi 18 kwa lita. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli: kulikuwa na wafanyabiashara wanaochakachua dizeli kwa kutia mafuta ya taa ndani yake, kwa kuwa yalikuwa rahisi, na injini za watu zikaharibika. Dawa ikawa ni kuyapandisha mafuta ya taa yalingane na dizeli, ili mchakachuaji asipate faida. Na dawa ilifanya kazi; matumizi ya mafuta ya taa yalishuka sana, ishara kwamba mengi yalikuwa hayaendi kwenye taa kamwe. Lakini tazama, ewe msomaji, jinsi hukumu ilivyopitishwa. Mwizi alikuwa ni mwenye lori na mwenye kituo. Aliyetozwa ni mwenye kibatari. Badala ya mlinzi kuwekwa kwenye tangi la mwizi, bei iliwekwa kwenye chupa ya maskini. Septemba 2023 mafuta hayo yalipandishwa shilingi 33 na senti 13 kwa siku moja, yakafika shilingi 202 na senti 61 kwa lita mjini Nairobi, yaani yakapita hata dizeli.

Mimi nilisoma juzuu kwa mwanga wa kibatari, na asubuhi matundu ya pua yalikuwa meusi kwa masizi, basi sitaki mtu adhani nauimba uzuri wa moshi ule. Siku hizi taa za jua zimefika vijijini, na gesi ya kupikia, ambayo Julai 2021 ilianza kutozwa kodi ya asilimia 16, iliondolewa kodi hiyo mwaka wa 2023. Hayo ni mema nayasifu. Lakini mtungi wa gesi hununuliwa kwa maelfu kwa mara moja, na maskini huishi kwa mamia. Mafuta ya taa yalikuwa na fadhila moja isiyo na kifani: yaliuzwa ya shilingi kumi, ya shilingi ishirini, kwa kipimo cha chupa ndogo. Huko Likoni namjua mama auzaye mahamri na mbaazi alfajiri, ambaye stovu yake sasa imewekwa juu ya kabati kama pambo. Amerejea kwenye seredani na makaa. Aliniambia: "Baba, mahamri ni yale yale, ila nimeyapunguza tumbo." Na makaa hayo yatoka Kwale na Tana River, kwa miti ambayo hakuna aliyeitoza tozo ya kuichakachua nchi.

Mwaka ule wa 2018 nilitunga beti chache juu ya jambo hili. Moja yao nitaileta hapa, kwa kuwa mama yule aliniambia nisiisahau:

Kibatari kimezima, mafuta sinayo tena,
Mwana kitabu asoma, kwa mbalamwezi kuona,
Jikoni moto si mwema, kuni mbichi zinanuna,
Waliopanda wasema, subirini mtapona.

Rafiki yangu mmoja mshairi alinijibu kwa beti tano, akinilaumu kuwa natetea kitu kilichokwisha zama zake. Vijana, akasema, wazungumza habari za bodaboda za umeme na mabasi ya umeme, na umeme wa nchi hii, kiasi cha sehemu tisa kwa kumi, watoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, vitu ambavyo havipiti Hormuz. Hoja yake ni nzuri nami nakubali kuwa huko ndiko kwendako. Nilichomuuliza ni kimoja tu: baina ya leo na hiyo siku, mama yule apikie nini? Bado nangoja beti ya sita.

Wavuvi nao wamesahauliwa katika mjadala huu. Zamani chombo kikirudi, samaki waligawanywa kwa mafungu yanayojulikana: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Upepo haukuwa na fungu. Ilipokuja mashine ya kufungwa nyuma ya boti, mgao ukapata mwenzake mpya aliye mkubwa kuliko wote, kwa maana siku hizi gharama ya petroli hutolewa kwanza, kabla ya mtu yeyote kugusa samaki. Chombo kikienda mbali na kikakosa, mabaharia hurudi na deni la mafuta. Kwa hivyo bei ikipanda Kipevu, hupungua kitoweo cha mtoto wa baharia Ngomeni, wala hapana hesabu ya serikali inayoliandika jambo hilo.

Wapo wasemao: si warudie matanga? Neno hili hupendwa na sisi washairi na watalii. Mimi nimelipeleka kwa wenyewe. Nahodha mmoja mtu wa makamo, niliyemkuta juu ya mchanga akiwa na sindano na uzi, alinieleza kuwa kwa tanga wakati wa kusi huwezi kutoka nje ya mwamba ila kwa kuhatarisha roho, na ndani ya mwamba samaki wamekwisha. Mashine, akasema, si anasa. Ndiyo iliyomfikisha kwenye samaki. Hata hivyo alikuwa akishona tanga. Ameamua kwenda kwa mashine na kurudi kwa upepo inapowezekana, apate kuokoa nusu ya petroli.

Nikamuuliza tanga lenyewe limemgharimu kiasi gani.

"Maalim, usiniulize," akasema, akiuma uzi kwa meno. "Kitambaa nacho kimepanda. Mwenye duka asema lori lililokileta lanywa dizeli."

Akatia uzi mwingine katika sindano, akaendelea kushona.